Mwandiko wa Mama Yenu

Sogezeni viti karibu, wanangu, na wewe kifungua mimba weka hiyo simu chini, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kurudia neno mara mbili. Mama yenu mwacheni hapo dirishani na ufumaji wake. Nitakayosema yanamhusu yeye kuliko ninyi.

Mali yangu mnaijua. Mchungaji wa Kimethodisti hana nyumba, ana funguo tu. Kila baada ya miaka minne Konferensi, mkutano mkuu wa kanisa, ilitusomea jina, tukafunga masanduku, tukahamia nyumba nyingine ya kanisa yenye bomba linalovuja lile lile. Niliwahamisha shule mara tano, na wewe kitinda mimba ulilia mpaka ukatapika siku tulipomwacha paka, nami nikakuambia mtumishi wa Mungu hana kwao. Lilikuwa neno la kijinga kumwambia mtoto wa miaka sita. Nisamehe. Joho langu mpeni mchungaji kijana asiye nalo, na vitabu gawaneni bila kugombana, maana vita vya panzi ni furaha ya kunguru.

Lakini lile sanduku la bati chini ya kitanda msiliguse kwanza. Humo mna mahubiri mia mbili na kitu, ambayo wewe kifungua mimba umeshakubaliana na mpiga chapa ayatoe kitabu chenye picha yangu na jina langu. Una moyo mwema, mwanangu, ila kitabu hicho kikitoka hivyo nitakuwa naiba hata nikiwa kaburini. Lifungueni mtazame mwandiko. Si wangu. Kila Alhamisi, vyombo vikishaoshwa, mama yenu aliketi mezani jikoni akaandika, na Jumapili mimi nikapanda mimbarani nikayasoma, nikanyamaza hata pale alipoandika "nyamaza kidogo". Kuhamahama kwetu kulinifaa: hubiri lililochakaa sakiti moja, yaani kundi moja la makanisa niliyopewa, lilikuwa jipya kwa makanisa ya sakiti nyingine, na watu wakaniita Mdomo wa Asali. Ninyi wenyewe mlikuwa mkicheka benchi la mbele kabla sijafika kwenye kichekesho.

Hayo mama yenu anayajua. Asilolijua ni hili. Tulipokuwa sakiti ya tatu aliomba apokewe kuwa mhubiri, ahubiri kwa zamu kama walei wengine. Kikao kikakaa, wazee kumi, watano wakamkubali na watano wakamkataa, ikabaki kura ya mwenyekiti, yaani mimi. Nilirudi nyumbani nikamwambia wazee wamekataa, naye akasema sawa, akanipakulia chakula.

Wazee hawakukataa, mke wangu. Nilikataa mimi. Niliogopa kwamba ukipanda pale mara moja tu, watu watajua asali ilitoka mzinga gani. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu ina miaka thelathini na minne, na kila Alhamisi nilipokuona umeinamia karatasi niliona haya, nikanywa chai yangu.

Basi shikeni maneno haya. Kitabu kitoke kwa jina lake, na mimi mnitaje mwishoni pale wanaposhukuriwa wapiga chapa. Siku ya kunizika, neno ahubiri mama yenu, akipenda. Asipopenda, lisihubiriwe lolote, imbeni tu mnizike. Usinitazame hivyo, mwanangu, najua umeshamwalika askofu. Askofu ni mtu mzima, ataketi benchini kama wenzake.

Nipeni maji... Asante. Mke wangu, sikulazimishi unijibu.

Amesimama. Sogea, mama, masikio nayo yanachoka... Mmemsikia? Anasema, "Lile hubiri la mjane na chupa ya mafuta ulikuwa ukilikatiza kila mara, kwa sababu ya njaa yako. Hilo nitalihubiri mpaka mwisho. Na habari ya kura sijaimaliza na wewe."

Haya. Ni haki yake.

Wanangu, Mungu awalinde... awape mahali pa kukaa mkazoeleka, na majirani wa kuwazika. Pendaneni. Msi... msiseme uongo mdogo, hukua. Sasa mpisheni mama yenu kiti, mtoke, mfunge mlango. Ana neno na mimi, na mara hii... nasikiliza.