Mbwa wa Kamba na Mbwa wa Kijiweni

Kijiwe chetu kiko njia panda ya Nyakisasa, pale barabara ya josho inapochepuka kutoka ile ya sokoni. Benchi ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali ya kuchoma. Upande huu banda langu la baiskeli, upande ule jiko la Eustakia muuza kahawa. Felisiani tunamwita Kamanda. Alikuwa mgambo enzi za kambi ya wakimbizi wa Rwanda pale Benaco na mpaka leo hajakubali kwamba alistaafu. Gaspari ni Redio, hazimiki. Irakoze ni Sentimita, fundi cherehani. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye kazaliwa hapahapa na anabisha kuliko sisi wenyeji. Mimi wananiita Spoku. Siku ninayoisema, kipaza sauti kilikuwa kimeshapita jana yake kutangaza chanjo ya kichaa cha mbwa: wote wapelekwe josho kabla ya mchana, na kila mbwa aje amefungwa kamba. Sasa Nyakisasa nani amewahi kumtembeza mbwa kwa kamba? Kahawa haijachemka sawasawa, ubishi umeshachemka.

— Mbwa anaswagwa kwa kamba kama mbuzi? Redio alicheka. — Anaenda kuchanjwa au anaenda mnadani?

— Amri ni amri, akasema Kamanda. — Ukimwacha huru atafika josho saa ngapi, na atakuwa ameng'ata wangapi njiani?

— Mbwa wa huku ukimfunga anakutazama kama umemkosea adabu, akasema Sentimita.

— Haya, tazameni, akasema Eustakia. — Huyo anakuja na wake.

Alikuwa Deodata, anatokea bondeni. Deodata ni mkulima wa migomba na maharage, mjane, shamba lake analilima mwenyewe. Mume alipofariki watu walijadili sana kwa nini haliuzi akarudi kwao. Yeye akanunua mbwa, dume jeusi lenye kifua kipana, akamwita Watasema. Jioni akisimama uani na kuita "Wataseeema!", kijiji kizima kinapata ujumbe wake.

Asubuhi hiyo hakuwa na utani usoni. Masika yaliyopita mbwa mwenye kichaa alipita Nyamahanga, kule Biharamulo, akamng'ata Priscila, mtoto wa mdogo wake Deodata. Priscila aliwahishiwa sindano, akapona. Lakini Deodata ndiye aliyekaa naye hospitali, na kitanda cha jirani alilala mtu ambaye hakuwahishwa. Aliporudi tulimuuliza aliona nini. Alisema, "Msiniulize." Hatukuuliza tena.

Kwa hiyo alikuwa anakwenda josho, iwe mvua iwe jua, na njia ya josho inapita mbele ya benchi letu. Na chini ya benchi letu alikuwa amelala mbwa. Mbwa wa kahawia, sikio moja limekunjika, mwepesi wa miguu, hajawahi kuona kamba maishani mwake.

Watasema akamwona kwanza. Akasimama, manyoya ya mgongoni yakasimama naye. Deodata akavuta kamba. Alivyovuta ndivyo mbwa wake alivyozidi kuinuka, mpaka akawa amesimama kwa miguu ya nyuma kama mtu anayetaka kuparamia ukuta.

— Mvute! akapiga kelele Redio.

— Mwachirie! akapiga kelele Kamanda. Kamanda akipandwa na jazba, l na r zinabadilishana viti. — Mwachirie, Deodata! Akifungwa anaona ameonewa!

— Usimwachie! nikadakia mimi.

Hapo wa kahawia akaamka. Akatoka chini ya benchi, shingo mbele, moja kwa moja barabarani.

— Koplo! Rudi! Kamanda akaamrisha.

— Betri! Betri! Redio naye.

— Tajiri, njoo hapa! Sentimita.

— Wewe! Wewe kijana! Eustakia, na mwiko mkononi.

Mbwa mmoja, majina manne, na hakugeuka kwa lolote. Kamanda akavua ndala, akairusha kwa nguvu zake zote za mgambo. Ikampata Watasema.

Basi ikawa vurugu. Mbwa wawili wakawa kitu kimoja kinachozunguka, kamba ikazunguka nao, ikapita magotini kwa Deodata mara moja, mara ya pili, akaenda chini kwenye tope, chali. Hakuiachia kamba. Wakamburuza mpaka jikoni kwa Eustakia, meza ikapinduka, birika likaruka, kahawa yote ikamwagika motoni na moshi ukapanda kama nyumba inaungua. Sisi tulikuwa tumeshapanda juu ya benchi. Wanaume wanne, juu ya ubao mmoja.

Kamba ikakatika. Watasema akashika njia ya bondeni, mbio. Wa kahawia akajitikisa, akanusa ile kahawa iliyomwagika, akarudi kulala chini yetu.

Deodata akainuka. Gauni lilikuwa tope tupu, kiganja kimechubuliwa na kamba. Alitutazama pale juu, mmoja baada ya mwingine.

— Asanteni sana, akasema. Akaenda kumtafuta mbwa wake.

Tulishuka taratibu. Tungekuwa watu wa aibu tungekaa kimya. Lakini sisi ni sisi.

— Kosa ni la kwake, Kamanda akaanza huku akitafuta ndala. — Angemwachia, wangemalizana kiume.

— Kosa ni la huyu wa chini, nikasema. — Wa kamba ni kama lori lenye tela. Hawezi kukata kona ghafla. Asiyefungwa ndiye anayepaswa kupisha.

— Spoku, usilete sheria za barabarani hapa, akasema Sentimita. — Huyu yuko kwake. Yule wa kamba ndiye mgeni. Mgeni anapiga hodi.

— Mbwa apige hodi?

— Kwa namna yake!

Redio alinyanyua mkono. Tukajua tumekwisha.

— Nilisikia redioni. Huko Ulaya mbwa wanatembezwa kila jioni kwa kamba, kama wagonjwa wanaofanya mazoezi. Wakikutana, hawasalimiani wao kwanza. Wanasalimiana wenye mbwa.

— Kwa hiyo Deodata alipaswa kumwambia nani shikamoo? Wewe?

— Sikilizeni! Kamba inapitisha woga. Woga unatoka mkononi mwa mtu, unapita kwenye kamba kama umeme kwenye waya, unamwingia mbwa shingoni. Deodata aliogopa, Watasema akapigwa shoti. Dawa ni kuvaa gambuti za mpira. Umeme unakatika.

— Na mbwa je? Naye avae gambuti?

— Mbili tu, za mbele!

— Ninyi hamjui kitu, Kamanda akakata. — Tatizo ni rugha. Huyu mbwa mlimwona anatokea wapi? Alitokea barabara ya Benaco. Huyu ni wa Kinyarwanda. Mnamwita kwa Kiswahili, atasikia nini?

— Mzee, juzi nilimwambia aende zake, kwa Kirundi, "genda!", akasema Sentimita. — Kirundi, Kihangaza, Kinyarwanda, neno ni hilohilo. Alinitazama tu.

— Basi Kifaransa! akaruka Redio.

— Au amri haikutolewa na mwenye cheo! Kamanda sasa alikuwa amesimama, mishipa ya shingo imetoka. — Mimi ningepewa hii kata, ningechora barabara mbiri. Hii ya mbwa wenye kamba, hii ya wasio na kamba. Katikati kizuizi. Hapa mimi na firimbi. Hakuna anayevuka bira ukaguzi!

— Na mbwa aliyekata kamba katikati ya safari apite wapi? nikamuuliza.

Eustakia, ambaye muda wote huo alikuwa akiokota vikombe kwenye tope na hakuna hata mmoja wetu aliyemsaidia, akasema:

— Anarudi.

Kweli, alikuwa anarudi. Deodata alikuwa amebadilisha kitenge tu, gauni ni lilelile. Watasema alikuwa na kamba mpya ya katani, nene. Safari hii alisimama mbali, kwenye mgomba wa mwisho kabla ya njia panda. Jua lilikuwa limeshapanda. Angechelewa, watu wa chanjo wangefunga vifaa vyao waende kata nyingine, na hakuna anayejua wangerudi lini.

— Shikamoo Kamanda! akaita kutoka kulekule.

— Marahaba, Deodata. Vuta kamba fupi, halafu...

— Naomba mnyamaze.

— Nani? Sisi?

— Ninyi. Yule mbwa alikuwa amelala. Aliamka mlipoanza kupiga kelele. Na aliyerusha kiatu, akivae mguuni.

Sijawahi kuona Kamanda akivaa ndala kwa haraka namna ile.

— Eustakia, dada yangu, akaendelea Deodata, una chochote cha kumpa?

— Ukoko wa ugali wa jana na vichwa vya dagaa.

— Mpeleke nyuma ya jiko. Polepole, asidhani unakimbia.

Eustakia akachukua sufuria, akaligonga kidogo kwa kijiko. Sikio moja likasimama chini ya benchi. Lile lililokunjika likajaribu. Mbwa akatoka, akamfuata kuelekea nyuma ya jiko, pua juu.

Deodata akaanza kutembea. Hakupita barabarani. Aliingia kwenye majani upande wa pili wa mtaro, mbali na sisi kadiri njia ilivyoruhusu, na Watasema akamweka upande wa nje, yeye mwenyewe akiwa katikati kama ukuta. Kamba ilikuwa imelegea mkononi. Nilitaka kumwambia aikaze. Nikauma ulimi. Redio alikuwa amejiziba mdomo kwa kofia yake, macho yanamtoka.

Walipofika sambamba na jiko, upepo ukageuka. Nyuma ya jiko sufuria likaacha kulia.

Wa kahawia akatokea ubavuni mwa jiko, dagaa bado mdomoni. Akasimama. Watasema naye akasimama, na mngurumo ukaanza kifuani mwake, ule wa chini ambao unausikia kwenye ubao uliokalia.

Sentimita alinishika paja, akalifinya mpaka leo nina alama.

Deodata hakuvuta. Aliona aibu ya kuanguka mara ya pili ikimjia, tuliiona usoni kwake, na bado hakuvuta. Alisogea hatua moja mbele ya mbwa wake, akamziba asimwone mwenzake. Akanyoosha kiganja chake kilichochubuka kwa yule wa kahawia, si kwa kumpiga, kama mtu anayemwambia mwenzake ngoja kidogo. Huku anamsemesha Watasema bila kumtazama, kwa Kihangaza chetu, sauti ya kumbembeleza mtoto:

— Tugende. Tugende, mwanangu.

Wa kahawia akamtazama. Akatutazama sisi, na ninaapa alikuwa anangoja tumwambie kitu. Hatukusema. Akameza dagaa. Mkia ukacheza, mara moja tu. Kisha akageuka, akarudi kwenye sufuria.

Na Watasema akaenda. Akapita. Akavuka mtaro, akafika barabara ya josho, Deodata pembeni yake, kamba inaning'inia katikati yao kama kamba ya kuanikia nguo.

Alipofika kwenye kona ndipo tulipolipuka. Redio alirusha kofia juu ikanasa kwenye bati. Kamanda alimkumbatia Sentimita, halafu akakumbuka cheo chake, halafu akamkumbatia tena. Mimi nilipiga kengele za baiskeli zote zilizokuwa bandani. Eustakia alikuwa amekaa chini nyuma ya jiko, mkono kifuani, anacheka huku machozi yanamtoka. Kule mbele Deodata hakugeuka, lakini aliinua mkono wake wenye kidonda juu kabisa, akaupunga.

— Mnaona? Kamanda akasema alipopata pumzi. — Nilimwambia asivute.

Tulikuwa bado tunamzomea, pikipiki ikasimama mbele yetu. Ilikuwa tayari mchana. Aliyeendesha ni dada mmoja mwenye koti la kijani, boksi la dawa limefungwa nyuma. Nyuma yake kwa mbali Deodata alikuwa anarudi na Watasema, mbwa amepakwa rangi nyekundu kichwani, alama ya waliochanjwa.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba.

— Naitwa Joan, wa mifugo. Mama huyu amekataa kuondoka josho mpaka nimuahidi kupita hapa. Anasema kuna mbwa hajaletwa. Akainama, akachungulia chini ya benchi. — Ndiye huyu? Wa nani?

Tukatazamana.

— Anakula kwangu, akasema Eustakia, lakini si wangu.

— Mvua ikinyesha analala bandani kwa Spoku, akasema Sentimita.

— Analala tu, nikasema. — Mifupa anampa Sentimita.

— Sisi tunafahamiana naye, akasema Redio, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sauti yake ilikuwa ndogo.

— Sijauliza anakula wapi, akasema Joan. Hakuwa na hasira. Alikuwa mtu aliyechoka, na jua linamchoma. — Nimeuliza ni wa nani. Nina watu wa kata nyingine wananingoja. Siwezi kumshika peke yangu, na akiniuma, au kesho akimuuma mtoto hapa njia panda, nataka kujua nimwite nani. Wa nani?

Deodata alikuwa ameshafika. Alimfunga Watasema kwenye mti ng'ambo ya barabara, akavuka, akasimama na sisi akingoja jibu.

Mbwa alipiga miayo.

Kamanda akavua kofia, akaiweka juu ya benchi. Alikuwa na suruali iliyopigwa pasi yenye mstari unaoweza kukata mkate. Akapiga magoti kwenye lile tope la kahawa, akaingiza mikono chini ya ubao, akamvuta yule mbwa taratibu mpaka kifuani, akamshika kichwa. Mimi nikashika miguu ya nyuma. Sentimita akashika ya mbele. Redio hakupata pa kushika, akashika mkia.

Joan akavuta dawa kwenye sindano, akaja. Akasita, sindano juu.

— Bado hamjanijibu.

— Choma, binti yangu, akasema Kamanda, shavu lake limegusana na lile sikio lililokunjika. — Choma kwanza.