Mguu wa Mtaalamu

Pantoni ilipoondoka Bweni, Bi Mwanamkasi alikuwa ameketi nyuma ya wanawake wawili wasiofahamiana. Kabla ya kufika katikati ya mto, mmoja wao alishamwaga ya moyoni. Mumewe ana maradhi ya kutetemeka, na miguu humganda mlangoni.

“Basi yule mtaalamu wa mazoezi anayetumwa na hospitali, kisichana na wanja wake, huweka mguu mbele ya mguu wa mume wangu, naye akauruka kama kijana!”

“Si uweke wako, mwenzangu?”

“Niliweka. Akasimama, akaniambia, ‘Tangulia wewe, mke wangu.’”

Mwenzake alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Bi Mwanamkasi naye aliuma mdomo. Mgonjwa mwenye adabu hivyo, utamkasirikiaje?

“Cheka tu. Na kwa kisichana yule mume wangu hutabasamu, uso ule ule ambao kwangu umekauka mwaka mzima. Leo nakwenda hospitali, waniletee mtaalamu mwanamume.”

“Na mzee asipouruka mguu wa mwanamume?”

Pantoni ikagota Pangani. Watu wakateremka. Yule mke hakuinuka, na mwenzake, aliyekwisha kujitwika kapu lake, akalitua akaketi tena.