Gobore la Makoye

Sogeeni, wanangu, na wewe Serafina mama yao kaa hapa miguuni, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Padre amekwisha kunipaka mafuta, na mbele ya Mungu nimeyasema yangu. Sasa nataka kuyasema mbele yenu, kwa kuwa nyinyi ndio mtakaobaki na majirani.

Ng'ombe kumi na wanne wagawaneni kama nilivyosema mbele ya baba zenu wadogo, na Paskazia asipunjwe kwa sababu ni mwanamke. Shamba la pamba la bondeni ni la mama yenu. Hilo halina maneno. Maneno yapo kwenye lile gobore lililotundikwa ukutani, ambalo wewe Telesphori umelibeba tangu wakufanye kamanda wa sungusungu, ukadhani ni urithi wako. Si langu, mwanangu. Ni la Makoye.

La kwangu lilikwenda zamani. Lilikuwa na kibali chenye muhuri, nikilifukuzia ngiri kwenye mihogo. Mwaka wa sabini na nne watu wa operesheni walipokuja kutuhamishia vijijini, walilichukua kwanza, ndipo wakachoma nyumba. Niliwaonyesha kibali, mmoja akakisoma, akacheka, akakitupa motoni. Nikasimama na mama yenu na magunia mawili ya mtama, nikatazama paa likianguka, nikaapa moyoni kwamba mwenye nguvu asiye na wa kumwambia "hapo basi" hafai kutawala hata zizi.

Miaka minane baadaye wezi wa ng'ombe walituandama, tukaunda sungusungu, wakanifanya ntemi wake, mkuu wa wote. Sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo nilipopotea. Mwano, lile yowe la kuitana wezi wakija, ulipigwa adhuhuri, wanaume wote wakaitikia wakatoka na pinde. Makoye peke yake hakutoka, naye ndiye aliyekuwa na bunduki. Walipomleta akafungua kinywa aseme, nikamkatiza, nikasema aliyesikia mwano akabaki ndani hana la kusema. Nikaamuru anyang'anywe gobore na ng'ombe wawili, asipewe moto wala maji, wala asisalimiwe na mtu. Hakuna aliyenizuia, na mimi sikutaka wa kunizuia. Mkuki kwa nguruwe mtamu, wanangu.

Hakutoka kwa sababu Limi mkewe alikuwa anajifungua, naye alikuwa amemshika mgongo. Siku ya tatu damu ikamzidi. Serafina, usilie, niache niseme: wewe ndiwe mkunga, ulinipigia magoti uniombe ruhusa uende, nikakujibu amri ni amri. Limi akafa, na kichanga kikamfuata.

Mwaka jana katekista alitusomea gazeti, kwamba haki za mtu zimeandikwa sasa ndani ya Katiba, kwamba hata serikali haina ruhusa ya kumhukumu mtu bila kumsikiliza. Nyinyi mlipiga makofi mkikumbuka nyumba yetu. Mimi sikupiga. Nilimkumbuka Makoye na kinywa chake kilichobaki wazi.

Jana, Telesphori, uliniuliza, "Baba, tumrudishie silaha mtu anayetuchukia?" Nami nakujibu: haki unayompa umpendaye tu si haki, ni zawadi. Anatuchukia, na ana sababu. Kibali kina jina lake na hakuna aliyekifuta. Siku akivunja sheria, mahakama ipo. Sikufichi kwamba naogopa, naogopa sana kwa ajili yako, maana miguu itakayokwenda kwake ni yako na si yangu. Hata hivyo utakwenda, mchana, watu wakiona, na gobore bila baruti, na ng'ombe wake wawili pamoja na ndama wao, nje ya wale kumi na wanne. Usiseme umetumwa na sungusungu. Sema umetumwa na Clemens aliyekosa, kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize, hata akikutukania mama.

Kule kutengwa nakufuta leo. Kinywa kilichofunga ndicho kinachofungua. Ukamanda sikuvui, wezi bado wapo. Lakini anayeshika upinde asiwe yeye huyo huyo anayehukumu, na Paskazia, wewe usiyemwogopa mtu, kakaako akisahau, mwambie mbele za watu.

Nipe maji, mama... Kidogo. Inatosha.

Mungu awape mvua kwa wakati wake. Awape watoto watakaowazika. Mikono yenu ikiinuka kwa hasira... aishike Yeye. Nimewasamehe, nanyi nisameheni.

Bado moja. Inama, Telesphori. Kwetu hapa asiyefika msibani hutozwa mbuzi, na mimi mwenyewe... nimewatoza wengi. Makoye asipokuja kunizika... mtu asimguse. Asiulizwe. Ni haki yake.