Mwalimu wa Nyuma: Maisha ya Aliyewalea Walimu Wapya

Mpendwa wetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, chumba cha pili kutoka bombani. Alikuwa mtoto wa kwanza wa fundi mitambo na mshonaji. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo alilia mara moja, akanyamaza, akageuza shingo kuutazama mlango. Huenda mama alitia chumvi, lakini waliomjua hawakuwahi kumbishia. Alizaliwa na wasiwasi wake. Hakulala mpaka ahakikishe komeo limeingia, na akishalala aliamka kuhakikisha tena. Mdogo wake wa kike, aliyelala naye kitanda kimoja, ndiye aliyekanyagwa miguu utoto wake wote. Mdogo huyo ndiye mama mzazi wa binti anayewasomea maneno haya.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kiwanda, kisha sekondari ya wasichana ya bweni, alikohitimu mwaka 1975. Kwenye mitihani alimaliza mapema, halafu akaanza kujitilia shaka, akafuta, akaandika, akafuta. Mwalimu wake wa hesabu alisema karatasi za msichana huyu hazina makosa, zina matundu. Aliingia chuo cha ualimu mwaka 1977, akapata cheti chake mwishoni mwa mwaka uliofuata.

Jumatatu tarehe 8 Januari 1979 aliripoti katika shule ya serikali aliyopangiwa. Mwalimu mkuu wa wakati huo alikuwa mbioni kwenda kikaoni. Alimpa boksi la chaki, akanyoosha kidole barazani, akasema, "Darasa lako lile pale." Kidole kilielekea kwenye milango miwili. Aliingia wa kwanza. Kwa kipindi kizima akawafundisha wanafunzi wa darasa la saba kujumlisha kwa kubeba, somo la darasa la tatu, nao kwa heshima ya mgeni wakajibu kila swali, wakapiga makofi alipowaambia wapige. Akatoka akijiona ana kipaji. Mlango wa pili, darasa la tatu walikuwa wamekaa bila mwalimu muda wote huo, na mmoja wao alikuwa anatoka damu puani kwa kupigwa na mwenzake.

Siku hiyo alitapika nyuma ya choo cha walimu. Katika uzee wake aliisimulia kwa kicheko, lakini kuna sehemu moja hakuwahi kuichekea. Walimu wenzake walikuwa wamepita dirishani na kumwona. "Tulikuona," mmoja alimwambia huku akikoroga chai. "Tukasema mwache, atajifunza mwenyewe." Neno hilo "mwache" lilimkaa kooni maisha yake yote. Alikuwa akisema mtoto akitambaa kuelekea jikoni, humwachi ajifunze moto.

Mwaka 1983 bomba la maji la shule lilipasuka, akaitwa fundi. Fundi yule, wakati akisubiri maji yafungwe huko barabarani, aliingia darasani kwake kukwepa jua, akakaa dawati la nyuma kabisa, magoti yakamfika kidevuni. Kipindi kilipokwisha akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Samahani, Mwalimu. Pale kwenye hesabu za sehemu mimi nimeachwa."

"Umeachwa wapi?"

"Pale ulipotupa mgongo ukaongea na ubao. Sikusikia kitu."

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Alikuwa akigeukia ubao kwa sababu nyuso za watoto zilimtisha, na kwa miaka minne hakujua kwamba ndivyo anavyofanya. Alimwomba fundi arudi akae tena pale nyuma. Fundi akarudi. Ajabu ni kwamba bomba la shule ile likawa bovu kila wiki. Walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1984, wakajaliwa watoto wawili, wa kiume ambaye leo ni mpima ardhi, na wa kike ambaye ni mpishi wa hoteli. Kwa miaka yote ya ndoa mume alifunga mlango wa nyumba, kisha akasogea pembeni na kusema, "Haya, hakikisha." Hakumcheka, wala hakumwambia aache. Ndugu wanasema huo ndio upeo wa mapenzi.

Kutoka kwenye dawati lile ndipo ilipoanza kazi iliyompa jina la Mwalimu wa Nyuma. Kila alipokuja mwalimu mpya shuleni, mama huyu alitumia vipindi vyake vya mapumziko kwenda kukaa nyuma ya darasa lake. Hakutumwa na mtu. Mwaka 1996 ofisi ya elimu iliifanya iwe desturi katika shule zote za jirani, kwamba mwalimu wa mwaka wa kwanza asiachwe peke yake na awe na mlezi, na yeye akapewa jukumu la kuwafundisha walezi wenyewe.

Kulikuwa na kosa alilolitaja katika kila semina, nasi hatuna haki ya kuliruka. Kijana mmoja aliyekuwa akilelewa naye alikosea hesabu ubaoni, na yeye, kule nyuma, akasema, "Si hivyo." Maneno mawili tu, tena kwa upole. Tangu saa ile, kila kijana yule alipofungua mdomo, darasa zima liligeuza shingo kumtazama bibi wa nyuma, kuona kama ni kweli. Muhula haukwisha, kijana akaacha kazi. Leo ni fundi cherehani na yuko nasi hapa. Marehemu alishonewa naye magauni yote tangu alipoanza kushona. Mengine yalimbana makwapani, akayavaa hivyo hivyo.

Baada ya hapo alibeba peremende mkobani. Ulimi ukimwasha, alitia peremende mdomoni, akanyamaza. Walimu wake walifika mahali wakisikia karatasi ya peremende inachakarika, wanafuta ubao wenyewe kabla hawajajua wamekosea nini.

Na kulikuwa na kile kiti. Mwanzo wa mwaka alikiweka kwenye kona ya nyuma iliyo mbali kabisa na mlango, ili mwalimu mgeni akiinua macho amwone. Kadiri majuma yalivyopita alikisogeza kidogo kidogo, akapita kabati, akapita dirisha, akaukaribia mlango. Halafu siku moja, somo likiendelea, aliinuka akatoka na kuurudishia mlango taratibu. Mwalimu aligundua kengele ikishalia. Alimfuata mbio barazani akamwuliza, "Umetoka saa ngapi?" Na yeye alikuwa na jibu moja kwa wote.

"Ulipoacha kunitazama."

Alistaafu mwaka 2018, lakini kustaafu kwenyewe kulikuwa jina tu. Januari mwaka huu binti wa mdogo wake, huyu anayewasomea, aliajiriwa, akapangiwa darasa la nne, na mama mkubwa wake akajitokeza asubuhi ya kwanza na peremende mkobani. Binti huyu, tuseme ukweli, ndiye aliyeurithi wasiwasi wa ukoo mzima. Aliandika andalio la somo mara tatu. Aliota chaki inakatika. Kila sentensi aliyoisema darasani aliimalizia kwa kutupa jicho kule nyuma, naye mama mkubwa akajifanya anatazama dari. Mwezi wa nne kiti kilikuwa bado kando ya kabati. "Hatuna haraka," marehemu alisema. "Kuna wengine nilikaa nao kando ya kabati lile mpaka likawa ndugu yao."

Haraka ilikuwa inatoka kwingine. Moyo wake ulikuwa umechoka na ulianza kuonyesha. Mwezi wa tano alipumzika mara mbili kati ya lango la shule na darasa, akisingizia viatu. Tarehe 27 Mei alilazwa. Mume wake alihamia kwenye benchi la wodini, na binti akabaki na watoto wa darasa la nne na kiti kitupu.

Wiki ile ya kwanza ilikuwa mbaya. Kelele zilifika mpaka ofisini. Mwalimu wa darasa la jirani aliingia na fimbo kutuliza watoto, wakatulia, na kutulia kwao ndiko kulikomwumiza binti zaidi ya kelele zao. Alijifungia stoo ya vitabu akalia. Jioni, saa ya kuona wagonjwa, alisimama mguuni pa kitanda na kusema alichokwenda kusema.

"Mama mkubwa, mimi naacha kazi."

"Acha," mgonjwa akajibu. "Ila kwanza nifundishe la kesho."

"Hapa? Watu wanatutazama."

"Kule hawakutazami?"

Basi akafundisha. Kila jioni ikawa hivyo, somo la kesho yake, mguuni pa kitanda, kwa sauti ya chini. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaanza kushiriki. Bibi mmoja aliyevunjika nyonga alishikilia kwamba theluthi ni kubwa kuliko nusu kwa sababu jina lake ni refu, na ilibidi wakate chungwa ndipo akubali. Karatasi ya peremende ilichakarika, binti akasimama, akarudia. Mchana darasani bado alitupa jicho kwenye kiti kitupu, lakini kelele zilikuwa zimepungua.

Jumatano tarehe 12 Juni alipofika, kitanda hakikuwa mahali pake. Alitazama huku na huku. Kisha akakiona. Wauguzi walikuwa wamekisogeza mpaka kando ya mlango, karibu na meza yao, na hakuna aliyehitaji kumweleza kwa nini mgonjwa husogezwa pale. Alisimama katikati ya wodi na vitabu kifuani, akashindwa kwenda mbele wala kurudi nyuma.

"Kesho siendi," alisema alipofika. "Nitakaa hapa na baba mkubwa."

"Utaenda."

"Na nikirudi nisikukute?"

Mama mkubwa alivuta pumzi kwa taabu. "Mimi huku nina watu wa kunitazama," alisema. "Wale hawana. Haya, nifundishe."

Binti akafundisha, vibaya, huku machozi yakimchuruzika. Peremende haikuchakarika hata mara moja. Hilo lilimtia hofu kuliko kitanda. Hakulala. Alfajiri alimpigia baba mkubwa simu, akaambiwa amelala vizuri, akapiga tena kabla ya kutoka nyumbani, akaambiwa bado amelala. Aliiacha simu ofisi ya walimu kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, na akaingia darasani.

Somo lilikuwa nusu na robo. Aliwagawia watoto karatasi wazikunje. Mtoto mmoja wa mwisho kabisa kwa alama, ambaye tangu Januari hakuwahi kunyoosha mkono, akaunyoosha. Alisema mwalimu anadanganya, nusu ya karatasi yake si sawa na nusu ya karatasi ya jirani yake, kwa sababu ya jirani ni kubwa, na yeye amepunjwa. Darasa likagawanyika. Wengine walisema nusu ni nusu, wengine wakasema kapunjwa kweli. Binti akaketi juu ya meza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akawauliza, "Nusu ya nini?" Wakabishana, wakapima, wakachana karatasi, wakaelewa mmoja mmoja, na yule aliyejiona amepunjwa akaenda mwenyewe ubaoni kuwaeleza wenzake.

Kengele ilipolia binti alishtuka. Ndipo alipokumbuka simu, na hospitali, na kwamba kipindi kizima hakuwa ametazama kule nyuma. Aligeuka. Kiti kilikuwa pale pale kando ya kabati. Mlangoni alisimama mwalimu mkuu, miwani mkononi.

"Ametoka saa ngapi?" binti akauliza.

Mwalimu mkuu alishusha macho. "Katikati ya kipindi chako," alisema. Wote waliowahi kukaliwa nyuma na mama huyu wanalijua jibu ambalo yeye mwenyewe angelitoa.

Alifariki Alhamisi tarehe 13 Juni 2024, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mume wake.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, na mdogo wake ambaye jana, kwa mara ya kwanza, aliomba akanyagwe miguu. Ameacha fundi cherehani aliyemshonea gauni alilovaa leo, na safari hii halimbani popote. Ameacha walimu ambao hatukuweza kuwahesabu, kwa kuwa wengi wamekaa nyuma ya hema na hawataki kusogea mbele. Na ameacha mmoja ambaye Jumatatu ana hisabati kipindi cha kwanza, anaogopa, na atakwenda. Jana alipita shuleni, akakichukua kile kiti kutoka kando ya kabati, akakisogeza mwenyewe mpaka mlangoni.

Pumzika kwa amani, Mwalimu wa Nyuma. Usiamke kuhakikisha. Mlango tumeurudishia sisi.