Mashine ya Maji Aliyoing'oa Baba

Wachungaji, ndugu na majirani, mimi ni Yvonne, kifungua mimba, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, Josephat Kimeu Mutisya.

Baba alizaliwa tarehe 4 Agosti 1961 huko Kyuso, mtoto wa tatu wa marehemu Mutisya na marehemu Kalunde, akasoma shule ya msingi hukohuko, kisha akajifunza umakanika mjini Kitui hadi 1982. Mwaka wa 1985 aliajiriwa na kampuni ya kuchimba visima, na tarehe 12 Desemba 1987 akamuoa mama yetu, Kavindu, wa hapa Kilungu, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Mbula na Kivuva.

Kazi ilimzungusha nchi jirani, na kila akirudi alitusimulia, kwamba Rwanda hata barabara ya kijijini inafagiwa, kwamba Uganda alikuta taa za stima kwenye vituo vidogo wakati kwao Kyuso bado waliwasha koroboi, na kwamba Sudan Kusini aliendesha gari siku nzima bila kuona nguzo moja ya stima.

Desemba 2013, vita vilipozuka huko Sudan Kusini, kampuni ilimwamuru ang'oe mashine ya kisima alichokuwa amekifungua mwezi mmoja tu nyuma, isije ikaibwa. Watu walisimama na mitungi wakimtazama, na mama mmoja aliyewahi kuishi kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, hapa Kenya, akamuuliza kwa Kiswahili, "Ukienda nayo, sisi tutakunywa nini?" Baba aliendelea kufungua nati. Siku ya pili alikuwa Uganda, kwenye gesti yenye bomba chumbani, akafungua maji, akayafunga, hakuoga.

Mwaka wa 2019 alirudi kwenye kijiji kile cha kisima kwa nauli yake, akakuta nyumba zimeungua na hakuna mtu wa kuuliza. Tangu hapo, bomba likifunguliwa nyumbani alitoka nje, na Mama alimsikia akisema peke yake, "Niliagizwa, mama. Niliagizwa tu."

Figo zilianza kumsumbua Machi 2024, akatibiwa hospitalini mjini Wote, na akafariki tarehe 9 Septemba 2025. Wiki moja kabla, alinishika mkono akasema, "Yvonne, hiyo ya mashine usiiruke."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, kanisa, na mafundi wenzake, hasa Ben, aliyeshika spana upande wa pili siku ile, na ambaye ameomba asizungumze leo.

Baba, pumzika, na amani uliyoitafuta uipate.