Mama Mkwe na Sukari Iliyojificha Damuni

Bwana asifiwe, kanisa! Asifiwe na nyinyi pia mliokaa kule nyuma karibu na mlango, maana hata mimi nilikuwa nakaa huko, nipate kutoka haraka watoto wakiitwa mbele kuimba.

Mimi ni Mama Anyango, mke wa Odhiambo, fundi wa baiskeli pale Kibuye. Nimesimama kumshukuru Mungu, na ndugu zangu, mniruhusu nimshukuru kwa ajili ya mama mkwe wangu. Najua wengine mnacheka. Chekeni tu!

Niliolewa hapa Kisumu miaka ya themanini ikielekea mwisho. Nikapata mimba, tumbo likawa kubwa hadi majirani wa Manyatta wakasema ni mapacha. Mtoto akazaliwa mkubwa, mzuri, mashavu yamejaa, na hakulia. Alikuwa amefariki tumboni. Mimba ya pili ikawa vile vile. Mvulana mkubwa, kimya. Ndugu zangu, kuna uchungu ambao mtu hawezi kuueleza akiwa ameshika maikrofoni.

Kliniki hawakunidharau. Walipima mkojo, walipima sukari ya damu, na kila mara ilikuwa safi. Lakini mimi nilikuwa naenda huko alfajiri, sijatia kitu mdomoni, natembea kwa miguu mpaka hospitali. Nikipimwa naambiwa, "Mama, huna shida." Basi watu wakaanza kutafuta shida mahali pengine. Wengine walisema ni laana. Jamaa wa mume wangu wakamshauri aoe mwingine. Odhiambo hakumjibu mtu. Alikuwa anarudi jioni, anatoa grisi mikononi kwa sabuni, anakaa karibu nami, tunanyamaza pamoja.

Mimba ya tatu ilipoingia, mama mkwe akatokea kutoka kwao kijijini Seme bila kutuma habari. Nilipomwona mlangoni, kikapu mkononi na chungu kichwani, nilirudi ndani. Nikajua amekuja kunirudisha kwetu. Nikaanza kukunja nguo zangu.

"Unafanya nini?" akaniuliza.

"Najitayarisha, Mama."

"Jitayarishe twende hospitali. Huko kwenu unampeleka wapi mjukuu wangu?"

Haleluya! Nilimwangukia pale pale nikalia, naye akanipangusa uso kwa leso yake kama mtoto mdogo. Na mnajua desturi yetu, mama halali nyumbani kwa mwanawe. Hilo halikumshinda. Alienda kwa jirani yetu, mjane wa kanisa hili hili, akaomba kona ya kulala. Kila asubuhi nikiwasha jiko, yeye tayari yuko mlangoni.

Siku hiyo aliyofika, hospitalini tulipata daktari mwanamke. Mama akamwambia, "Daktari, watoto wake wanazaliwa wakubwa kupita kiasi, halafu wamekufa. Tafadhali mwangalie tena." Daktari akaniuliza nakula nini nikishatoka kliniki. Nikasema chai, mandazi, uji wenye sukari, viazi vitamu. Akaandika kidogo, kisha akasema kuna kipimo kingine, kinaitwa fruktosamini.

Akatueleza polepole. Sukari ikizidi mwilini hushikana na protini za damu, na kile kinachotokea hapo hakiondoki upesi. Hata ukija na njaa, bado kiko. Kinaonyesha sukari imekuwaje kwa wiki mbili tatu zilizopita.

Mama akauliza, "Kwa hivyo kinatazama alivyoishi, hata kama leo ameamka vizuri?"

"Ndiyo, Mama. Ni hivyo hasa."

Damu yangu ikapelekwa Nairobi. Tulipokuwa tunangoja, nilitaka kufunga na kuomba. Mama akakataa kabisa. "Wewe kula alichosema daktari. Mimi nitafunga kwa ajili yako." Na akafunga kweli!

Majibu yakaja. Fruktosamini ilikuwa juu sana! Kumbe kila nikila, sukari ilikuwa inapanda, mtoto wangu anaogelea ndani yake mchana kutwa, halafu asubuhi imeshuka, mimi napimwa naambiwa niko salama. Niliogopa, ndugu zangu, lakini niliogopa kitu chenye jina: kisukari.

Nikaanzishiwa insulini. Friji hatukuwa nayo, kwa hivyo Mama akatia mchanga wenye maji ndani ya chungu chake, akaiweka chupa humo ibaki baridi. Sindano zenyewe aliziogopa! Nikianza kujidunga, anageukia ukutani na kuimba kwa sauti kubwa, mpaka Odhiambo anacheka huko nje. Na chai! Huyu mama alipenda chai tamu kuliko kitu chochote. Tangu siku ile akanywa ya mkandaa pamoja nami, bila maziwa, bila sukari, akikunja uso na kusema, "Tamu sana, mwanangu."

Tuliporudia kipimo, kilikuwa kimeshuka. Mama alicheza pale kwenye korido, kikapu mkononi.

Daktari akaniita hospitalini mapema, kabla ya tarehe yangu ya kujifungua kufika. Mtoto akazaliwa jua likiwa limepanda vizuri, msichana, ndiye huyo Anyango, mwili wa kawaida tu. Halafu akalia! Ndugu zangu, alilia! Mama akasikia akiwa nje ya mlango, akapiga vigelegele jengo zima likageuka. Muuguzi akamwambia, "Mama, hapa ni hospitali." Akamjibu, "Najua, binti yangu. Ndiyo maana nashangilia."

Mungu wangu, asante! Asante kwa daktari yule, asante kwa mume aliyekaa kimya kando yangu. Asante kwa Mama, yule pale aliyejifunika uso kwa kitambaa. Mama, toa kitambaa, wakuone!

Na wewe dada unayenisikiliza, uliyezika mtoto na ukaambiwa umelaaniwa: mtumaini Bwana, na usimtumaini ukiwa peke yako nyumbani. Ibada ikiisha, njoo pale nilipokaa. Kesho asubuhi mimi na Mama tutakupeleka kliniki, na hatutaondoka mpaka wakuangalie vizuri.

Amina.