Ufunguo wa Pili wa Mama Mshonaji

Kijiwe chetu ni benchi moja nje ya saluni ya Hakimu. Hakimu ni kinyozi. Tunamwita hivyo kwa sababu anakuhukumu kabla hajakufuta povu. Mimi shule niliiacha mapema, ikabaki na ujinga wake. Juzi mchana Mama Mshonaji kaanguka chumbani, mlango kaufunga kwa ndani. Fundi Funguo akachomoa ufunguo mfukoni, akafungua, mama akawahishwa hospitali. Yu hai. Shangwe! Mpaka tukaanza kujiuliza: ufunguo ule kautoa wapi? Mchonga funguo ana mwiko mmoja tu, habaki na wa mteja. Leo Fundi kaja kunywa kahawa, benchi zima likasogea upande.

— Sema kweli, Fundi, — Hakimu akaanza. — Ulijichongea wa pili?

— Nilijichongea. Mama ana kizunguzungu, na anaishi peke yake.

— Alikutuma?

— Hakunituma.

— Basi wewe mwizi. Mwiko ni mwiko, hata ukizaa heri.

Bonge, mshona viatu, akaruka:

— Acha hizo! Mama angezikwa na mwiko wenu, ungefurahi?

— Na kesho akiingia kubeba cherehani?

— Mbona hajabeba?

— Anangoja tumzoee.

Nikaona wakubwa wanapwaya, nikaingia mwenyewe:

— Hamjui kufikiri nyie. Alijuaje kama mama kaanguka? Ukiona vyaelea, vimeundwa! Huyu kalegeza miguu ya kiti, akakaa nje kungoja kishindo.

— Nilisikia cherehani imenyamaza ghafla, mdogo wangu.

— Mnasikia? Kumbe humtegea sikio!

Bonge akashusha kikombe.

— Ngoja kwanza. Kitasa changu nani alikichongea ufunguo?

— Mimi, — akajibu Fundi.

— Aa! Basi tukitoka huyu anaingia, anakaa kwenye viti vyetu!

— Afanye nini? — Hakimu akauliza.

— Akae tu! Hiyo ndiyo hatari yenyewe.

Fundi akauweka ufunguo katikati ya benchi.

— Ni huu mmoja tu. Chukueni.

Mara akatokea binti yake Mama Mshonaji, katoka hospitali.

— Shikamooni. Mama anarudi kesho. Fundi, anakushukuru sana. Ila kaudhika: ufunguo wa kwake, hakuutoa yeye. — Akautazama pale benchi. — Nami Jumapili narudi kazini, mbali. Akianguka tena, nani atamfungulia?

Hakimu akainamia wembe. Bonge akakohoa. Mimi, bingwa wa majibu, nikanyoosha mkono niuchukue.

Wote wakanikodolea macho, Fundi naye.

Nikaurudisha mkono.